Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: Yanayompata mkimbiaji wa ridhaa katika mbio za milima

Na MWANDISHI WETU

MTU aliyezaliwa Maua hahitaji kufundishwa mlima ni nini. Mji wenyewe umejibanza katika milima ya Nyambene, ambayo kilele chake kirefu zaidi hupita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mtoto anayekulia hapo hupanda na kushuka kila aendapo shuleni, sokoni au shambani. Kwa sababu hiyo, si ajabu kumsikia mkazi wa Igembe akidai kuwa mbio za barabara zenye vilima ni mchezo wa nyumbani kwake. Dai hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili hujulikana katika kilomita za mwisho, mapaja yanapokataa kutii amri ya mwenyewe.

Makala haya yanaeleza yanayompata mkimbiaji wa ridhaa, yaani yule anayekimbia kwa mapenzi yake bila kulipwa, katika mbio za namna hiyo. Ili tuelewane vyema, tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi mjini Maua, mwenye umri wa miaka arubaini hivi, aliyeamua kushiriki nusu marathoni. Mwalimu huyu ni wa kubuni, lakini makosa yake ni ya wengi.

Mbio za Lewa

Mbio maarufu zaidi za aina hii zilizo karibu naye ni zile za Lewa, katika hifadhi ya wanyamapori iliyo upande wa Isiolo wa Kaunti ya Meru. Lewa ilikuwa ranchi ya ng'ombe kabla ya kugeuzwa hifadhi, na mnamo 2013 iliunganishwa na Mlima Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mbio zenyewe zilianzishwa mwaka 2000 na kwa desturi hufanyika mwezi Juni. Fedha zinazochangwa husaidia uhifadhi, shule na huduma za afya.

Njia ni ya vumbi na changarawe, na mzunguko wake una kilomita 21. Anayekimbia nusu marathoni huuzunguka mara moja, naye wa marathoni kamili mara mbili. Walinzi wenye silaha husimama njiani, huku helikopta zikizunguka angani, ili ndovu na vifaru wasikutane na wakimbiaji. Hata hivyo, adui mkubwa wa mkimbiaji hapo si mnyama. Ni vilima visivyokwisha, jua, na mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Katika mwinuko huo, oksijeni ingali asilimia 21 ya hewa kama ilivyo Mombasa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, ambalo hushuka hadi kama asilimia 82 ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mgeni kutoka pwani huhisi upungufu huo mapema. Mwalimu wetu hausikii sana, kwa kuwa damu na mapafu yake vimeshazoea. Faida yake basi iko kifuani, na wala si miguuni. Hapo ndipo anapojidanganya.

Kupanda

Kosa la kwanza hutokea kabla jasho halijatoka. Umati unapoachiliwa, kila mtu huenda kwa kasi ya jirani yake badala ya kasi yake mwenyewe. Mlimani, kazi ya moyo huongezeka hata kama mwendo haukubadilika, kwani mwili hubeba uzito wake kwenda juu. Anayetaka kupanda kwa kasi aliyotumia kwenye tambarare hutumia kwa haraka akiba ya sukari iliyohifadhiwa katika misuli, na akiba hiyo haijazwi njiani kwa kiasi kinachotosha.

Kipimo bora kwa mtu wa kawaida ni pumzi, wala si saa ya mkononi. Iwapo anaweza kutamka sentensi fupi bila kukatizwa, basi mwendo unafaa. Akishindwa, afupishe hatua, apunguze kasi, na ikibidi atembee. Kutembea kilimani si aibu. Mara nyingi anayetembea kwa hatua za haraka humpita anayejikokota kwa jina la kukimbia.

Kushuka

Akifika kileleni, mwalimu hushusha pumzi na kuiachilia miguu. Mapigo ya moyo hupungua, upepo humpuliza usoni, naye huwapita watu kumi. Anaamini amelipwa deni la mlima. Kumbe ndipo anapokopa.

Katika kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki. Kila mguu unapotua, misuli hiyo hujikaza huku ikivutwa na kurefushwa kwa wakati mmoja. Kazi ya aina hii hutumia nishati kidogo, ndiyo sababu mkimbiaji hahisi uchovu, lakini huchana nyuzi ndogondogo za misuli. Uharibifu huo haupigi kelele papo hapo. Hujitokeza baadaye, pale njia inapopanda tena na mapaja yasiwe na nguvu ya kusukuma.

Mashindano ya Boston, nchini Marekani, yanatoa ushahidi wa jambo hili. Njia yake huteremka kwa takriban mita 140 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mnamo Aprili 2011, Mkenya Geoffrey Mutai aliimaliza kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia katika marathoni. Hata hivyo, haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu kanuni haziruhusu njia kuteremka kwa zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, wala mwanzo na mwisho wake kuwa mbali mno. Kwa bingwa aliyejiandaa, mteremko unaweza kuwa msaada. Kwa mkimbiaji wa ridhaa, miteremko hiyohiyo ya mwanzo ndiyo humfanya asimame hoi kwenye kilima mashuhuri kiitwacho Heartbreak Hill, kilicho karibu na kilomita ya 32.

Mazoezi

Dawa ya mteremko ni mteremko wenyewe. Misuli iliyoonja kazi ya kushuka, hata mara moja, hupata kinga fulani inayodumu kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo mwalimu anayefanya mazoezi kwa kukimbia kupanda, kisha akarudi chini kwa matatu, amefanya nusu ya kazi. Inampasa kukimbia pia akishuka, kwa hatua fupi na nyepesi, mwili ukiinama mbele kidogo badala ya kuegemea nyuma. Zoezi kali la mwisho la aina hiyo lifanyike kama wiki mbili kabla ya mbio.

Jirani zake wa Embu wanalijua somo la milima. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi katika Chuo cha Ualimu cha Kigari, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na Kenya ilitwaa taji la dunia la timu za wanaume mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003.

Mazoezi ya barabarani Maua yana hatari zake. Miraa hunyauka upesi, hivyo magari yanayoisafirisha hukimbizana na muda. Mkimbiaji atumie upande wa kulia wa barabara ili ayaone magari yanayomjia, na avae nguo zinazong'aa alfajiri na jioni.

Aidha, miraa yenyewe haimfai mtu anayejiandaa kushindana. Ina vichangamsho viitwavyo kathinoni na kathini, ambavyo huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hufukuza usingizi na kuua hamu ya chakula. Moyo unaotakiwa kupanda mlima haufai kuongezewa mzigo huo. Isitoshe, kathini ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita moja ya mkojo huhesabiwa kuwa dawa iliyopigwa marufuku wakati wa mashindano.

Maji na dalili za hatari

Wengi huogopa kiu hata wakanywa maji kupita kiasi. Maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu na yanaweza kuua. Uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa Boston ya mwaka 2002, uliochapishwa 2005, ulibaini kuwa asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Ushauri unaofaa wengi ni kunywa kwa kufuata kiu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuchanganyikiwa au kuacha kutoa jasho kwenye joto ni amri ya kusimama na kutafuta msaada, hata kama mwisho unaonekana kwa macho.

Jumatatu

Tuseme mwalimu wetu amemaliza. Jumapili atachechemea, na Jumatatu huenda akalazimika kushuka ngazi za shule kinyumenyume, kwani maumivu ya misuli huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Hayo ni ya kawaida na yatapita. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya strungi, hata hivyo, ni ishara kuwa misuli imeumia mno na figo ziko hatarini. Asingoje kesho kwenda hospitalini.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwana wa Nyambene ameurithi mlima bila kuulipia. Akijifunza na kushuka kwake, atafika mwisho akiwa bado ana miguu ya kumrudisha darasani.