Mikataba ya kulinda wanawake mtandaoni

UHALIFU wa mtandao hauna mpaka. Mtu aliye nchi moja anaweza kusambaza picha za faragha za mwanamke aliye nchi nyingine, na polisi wa kwao mwathiriwa wakashindwa kumfikia. Kenya huharamisha kitendo hicho katika kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, lakini sheria ya nchi moja haitoshi.

Muungano wa Afrika (AU) uliidhinisha Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data za kibinafsi mnamo Juni 2014. Ulihitaji kuridhiwa na nchi 15, hivyo ukaanza kutumika Juni 2023.

Desemba 24, 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa (UN) lilipitisha mkataba wake dhidi ya uhalifu huo. Unazitaka nchi wanachama ziharamishe usambazaji wa picha za faragha bila idhini ya mhusika na zikabidhiane ushahidi wa kielektroniki. Utiaji saini ulianza Hanoi, Vietnam, Oktoba 2025, na masharti yake ni uridhiwe na nchi 40 kabla ya kutumika. Watetezi wa haki za kibinadamu, hata hivyo, wanahofia serikali zitautumia kuwapeleleza wakosoaji.

Kwa mujibu wa shirika la mawasiliano la UN, ITU, asilimia 70 ya wanaume duniani walitumia intaneti mwaka wa 2024, ikilinganishwa na asilimia 65 ya wanawake. Anayehofia kudhalilishwa huenda akajiondoa mtandaoni hata pale huduma ilipofika.