Nani analipa redio, nani anaiongoza?

Masisi na Walikale, magazeti hayafiki na vijiji vingi havina reseau. Redio ndiyo inajulisha watu kama njia ya soko iko salama, ao kama chanjo imefika. Lakini jenereta inakula esansi, na lazima mtu ailipe. Je, mwenye kulipa anapata pia haki ya kuchagua habari?

Redio ya taifa

Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema redio na televisheni za Serikali ni huduma ya wote, na kila upande wa siasa na wa jamii upate nafasi kwa haki. Kifungu cha 212 kiliweka CSAC isimamie jambo hilo. Lakini wakubwa wa RTNC wanateuliwa kwa amri ya Rais, na feza inatoka Serikalini. Mkono ni mmoja.

Radio Okapi

Ilianza tarehe 25 Februari 2002, chini ya MONUC na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Inatumia Kifaransa na lugha nne za taifa. Waziri haiamuru. Lakini inaishi pamoja na tume ya UNO, na muda wa tume unaamuliwa New York, si Kitchanga.

Redio za jamii

Zinaishi kwa matangazo ya kilio, michango, na vipindi vya mashirika. Mradi ukiisha, kipindi nacho kinaisha. Mwandishi asiye na mshahara anangojea coupage, feza ya yule aliyemwita kwenye mkutano. Hapo habari inageuka tangazo.

Feza ya karibu

Sheria ya madini ya 2018 inaachia sekta ao sheferi yenye mgodi asilimia 15 ya ushuru wa madini. Walikale iko na kasiterite ya Bisie, Masisi iko na koltani ya Rubaya. Sehemu ndogo ya feza hiyo ingetosha kwa esansi na mishahara. Lakini Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Aprili 2024, na huko sheria hiyo inabaki karatasi tu.

Hata penye Serikali, mkubwa wa sekta akitoa feza yeye mwenyewe, atataka kusifiwa. Kwa hiyo feza ipitie kwa komite iliyochaguliwa na wasikilizaji: wamama, vijana, walimaji, makanisa, bila mwanasiasa wala mwenye bunduki. Komite ishike sanduku, wandishi wachague habari, na hesabu isomwe hewani kila miezi mitatu. Raia akisikia franga ziliingia ngapi na zilitoka wapi, atajua redio ni ya nani.