Chai na Bitumbura Uvira: Ushahidi wa Majina

Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, hapo ndipo palipokuwa kikomo cha wafanyabiashara wa pwani kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo, na hata Wabelgiji waliotawala hadi 1960 hawakuweza kuliondoa neno chai kwa Kifaransa chao. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kifungua kinywa chote cha Uvira ni cha pwani.

Dhana hiyo ina walakini. Majani ya chai ni ya jirani: yalipandwa nyanda za juu za Kivu enzi za ukoloni, na Teza, Burundi, katika miaka ya 1960. Kitumbua nacho, kwa mtu wa pwani, ni unga wa mchele na tui la nazi. Bitumbura vya Uvira ni madonge ya unga wa ngano yaliyokaangwa katika mafuta tele, ndugu wa maandazi. Upungufu wa mchele si sababu, maana bonde la Rusizi hulima mpunga. Nazi ndiyo adimu.

Badiliko hilo lagusa hata kikombe. Donge lililonyonya mafuta hutaka chai ya rangi, kali, yenye tangawizi. Chai ya maziwa hulizidishia uzito, hufaa zaidi kwa mkate mkavu.

Kiambishi bi- na sauti r huashiria kwamba neno lenyewe limepita katika lugha za jirani. Kirundi husema ibitumbura, na Bujumbura, penye mtaa wa Waswahili wa Buyenzi, pako ng'ambo tu ya Rusizi.