Uzito wa Fimbo ya Pool: Historia ya Kuvunja na Kurusha

Katika karne ya 17, mchezaji wa biliadi barani Ulaya aliusukuma mpira kwa rungu jepesi lenye kichwa bapa, na mpira ulipolala karibu mno na ukingo wa meza, kichwa hicho kikakosa nafasi, alikigeuza chombo na kutumia upande wa mpini, ambao ndio uliozaa fimbo ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 19, François Mingaud, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyepata kufungwa gerezani Paris, alieneza matumizi ya ncha ya ngozi, yaani kipande kidogo cha duara kinachogundishwa mwishoni mwa fimbo ili kiushike mpira badala ya kuteleza. Kwa ncha hiyo fimbo ilikuwa imekamilika kimsingi, nayo fimbo moja ilitosha kwa mapigo yote.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Vifaa vilichangia, kwa kuwa mipira ilichongwa kwa pembe za ndovu, nyingi zikitoka Afrika Mashariki kupitia soko la Unguja, na pembe, pamoja na uzuri wake wote, hupasuka na kupoteza uduara hali ya hewa inapobadilika, hivyo haikualika mapigo makali. Hata hivyo, sababu nzito zaidi ilikuwa kanuni. Katika aina ya pool iliyotawala mashindano ya Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ambamo mchezaji hutaja mpira na mfuko kabla ya kupiga, anayeanza hakutaka kulitawanya fungu la mipira 15, kwani angemwandalia mpinzani karamu. Aliligusa kwa tahadhari tu na kuurudisha mpira mweupe mbali. Fimbo ya kuvunjia, yaani ya pigo la kufungua mchezo, ingemfaa nini?

Mchezo wa mipira 9 ulipochukua nafasi ya kwanza katika miongo ya mwisho ya karne hiyo, pigo la kufungua likawa silaha, kwa sababu mpira wowote unaoingia mfukoni humwezesha mvunjaji kuendelea, na wa 9 ukiingia humpa ushindi papo hapo. Wachezaji wakaanza kutenga fimbo ya kuvunjia, kwanza ili kuinusuru ncha ya fimbo yao ya thamani, kisha kwa imani kwamba uzito huleta nguvu. Imani hiyo ina ukweli mdogo kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Fimbo ya gramu 600 ikilinganishwa na ya gramu 540, mkono ukiwa na kasi ileile, huuongezea mpira wa gramu 170 kasi ya takriban asilimia 2.5 tu, na mkono ukipungua kasi kwa kiasi hichohicho kutokana na mzigo, faida yote imekwisha. Ndiyo maana wengi leo huvunja kwa fimbo isiyopishana sana na ile ya kuchezea, ila yenye ncha ngumu zaidi.

Fimbo ya kurushia, yaani ya kuruka juu ya mpira unaoziba njia, nayo ilipata soko kutokana na kanuni. Zamani aliyezibiwa njia aliweza kuusukuma mpira mweupe kando bila adhabu. Lakini kanuni ya kosa moja, iliyoenea katika miaka ya 1980, ilimpa mpinzani, baada ya kosa lolote, haki ya kuuweka mpira huo popote kwa mkono, na tangu hapo kuruka kukawa na thamani. Hapa wepesi ndio unaofaa. Fimbo hushuka kwa mshazari, mpira hubanwa dhidi ya jiwe la meza na kudunda, na fimbo nzito, ambayo hubaki na zaidi ya nusu ya mwendo wake baada ya mgongano, huufuata na kuuzuia, ilhali ile ya gramu 250 hubaki na takriban robo tu na kuuacha upae.

Kanuni za kimataifa za pool zimeweka mipaka: fimbo isizidi gramu 708.75 wala isipungue urefu wa mita 1.016, na hivyo fimbo nyingi za kurushia hutengenezwa zikizidi kidogo tu urefu huo. Katika snuka, pigo lenyewe la kuruka juu ya mpira ni kosa, basi fundi wa fimbo za snuka hana sababu ya kuitengeneza.