'Ahem' si 'ehee': Safari ya mlio wa koo katika Kiingereza

JUZI mwanafunzi mmoja aliniletea tafsiri ya mchezo mfupi wa Kiingereza niipitie. Mkutanoni, mweka hazina anajisifu kwamba hesabu zake ni safi. Mwenyekiti anasema "ahem". Mwanafunzi akatafsiri: "Ehee." Kumbe amemgeuza mwenyekiti! "Ehee" yetu humwambia msemaji kwamba unamfuata, aendelee. "Ahem" ile ilikuwa ikimwambia: chunga, hapa tunajuana. Aliyetilia shaka akawa ameafiki.

Kihisishi hiki ni mlio wa koo linalojisafisha, ukatiwa herufi. Umbo lake kongwe ni "hem", na Shakespeare alilitumia si haba. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, iliyochapishwa 1598, ni kelele za walevi: anayetua kuvuta pumzi kabla ya kumaliza kikombe hupigiwa "hem" akimalize. Katika sehemu ya pili, ya 1600, mzee Shallow, hakimu mpenda majigambo, anaikumbuka kama wito wa genge lake enzi za ujana.

Lakini mfano unaonigusa zaidi umo katika Othello, tamthilia iliyochapishwa mara ya kwanza 1622. Othello, wivu ukiwa umeshampofusha, anamdhalilisha Emilia kana kwamba ni bawabu wa danguro: afunge mlango, na mtu akitokea, akohoe au aseme "hem". Hapo sasa mlio wa koo ni onyo la siri. Wa ndani ataelewa. Anayekuja atadhani ni kifua tu. Nadhani "ahem" ya mwenyekiti wetu ni ya ukoo huu, si ule wa walevi.

Ajabu ni kwamba maandishi yaliurudisha mlio huo kinywani. Leo wapo Waingereza wasiokohoa kabisa. Hulitamka "ahem" herufi kwa herufi, kwa mzaha.

Na sisi je? Wazee walionilea walijikohoza wakikaribia ua, hata kabla ya kupiga hodi, ili waliomo wajisitiri. Tendo tunalo, na kitenzi chake tunacho. Basi nikamshauri mwanafunzi afute "ehee" na badala yake aandike, kwenye mabano, kuwa mwenyekiti anajikohoza.

"Sasa mwigizaji atasema nini, mwalimu?" akauliza.

Hasemi kitu. Anajikohoza, huku amemkazia macho mweka hazina.