Profesa Masanja na hesabu za uji

Niko Ipyana, likizo. Mvua kila siku, mtandao wa kuvizia. Leo nawaletea Profesa Verdiana Grace Masanja, maana hata sisi wa ualimu wa hesabu wengi hatumjui.

Kazaliwa Bukoba 1954, ukoo wa kwao Kashaga. Kasoma Jangwani, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hisabati na fizikia, akamaliza 1976. Uzamili hapohapo 1981. Halafu huyoo Berlin, chuo kikuu cha ufundi, akatoka na uzamili mwingine wa fizikia na udaktari juu. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kitanzania kupata udaktari wa hisabati. Sasa piga hesabu: uhuru 1961, na miaka 20 baadaye huyo wa kwanza bado hajapatikana! Watu wanalishangilia hilo neno "wa kwanza", mimi linanikera kidogo. Wengine waliishia wapi?

Alichosomea ni vimiminika ndani ya bomba la mviringo. Si maji, maji yana adabu. Yeye kachukua vile vikaidi, ambavyo unene wake hubadilika kadiri unavyovisukuma. Fikiria uji mzito, rangi ya ukuta, au tope zito la Kiwira masika. Katikati ya bomba kinakimbia, kwenye ukuta kimeganda tuli. Kati ya hapo kila ukisogea kidogo kasi ni nyingine, na kuuliza "imebadilika kiasi gani?" ndiyo kalkulasi yenyewe. Mlinganyo ukigoma kufunguka kwa kalamu, unaukata vipande vidogo vidogo, kompyuta inavihesabu. Tasnifu yake ya Berlin ilikwenda kwa njia hiyo.

Hapa mtaani nina mabinti wawili wa PCM nawapiga tuisheni. Fomula ziliwatoa jasho wiki nzima. Nikachora bomba la uji, mmoja akasema, "Dada, kumbe ni hivyo tu?" Siku hiyo wakagoma kuondoka mpaka giza.

Profesa hakubaki Ulaya. Alifundisha Dar hadi 2010, na tangu 2006 akawa anafundisha pia Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, ambako alikuja kuwa mkurugenzi wa utafiti. 2018 akajiunga na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Na pamoja na mabomba yake yote, kaandika pia kuhusu wanawake na wasichana katika sayansi. Hayo maandishi ndiyo nayasaka maktaba nikirudi chuo. Mwenye nakala anishtue.