Wanawake wa Sudan na Maji ya Mto

Zamani, kila mwaka mvua kubwa ziliponyesha katika milima ya Ethiopia, mto Naili wa Buluu ulikuwa ukifika Sudan umejaa tope. Wanawake wa vijijini, ambao ndio wachotao maji ya nyumbani, hawakuridhika kuwanywesha watoto wao maji hayo. Walitwanga mbegu za mlonge, wakakoroga unga wake katika mtungi, kisha wakauacha utulie mpaka tope likazama.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya kazi Khartoum, aliichunguza desturi hiyo, wala hakuidharau. Ilithibitika kwamba protini iliyomo katika mbegu hushikamanisha chembe za tope, nazo zizamapo huchukua na vijidudu vingi.

Lakini vingi si vyote. Huko London, mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kilienezwa na maji ya kisima cha Broad Street, ambayo watu wengine waliyapenda kwa ladha yake. Basi jicho na ulimi havitoshi. Maji yakisha kuwa meupe, yatupasa kuyachemsha kabla ya kuyanywa.